Kutega Panya Shamba Wakiwa Hai na Kuwawekea Alama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wakulima wanaoona mitego ya bati ikipangwa pembezoni mwa mashamba yao, na wanafunzi wanaojiandaa kwenda uwandani kwa mara ya kwanza. Mifano mingi imetoka Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, kimefuatilia panya shamba kwa njia hii tangu miaka ya 1980.

Panya huyu anatumalizia mahindi. Kwa nini mtafiti amkamate kisha amwachie?

Swali hili huulizwa katika kila kijiji, na mara nyingi kwa hasira ya haki. Panya shamba hufukua mbegu usiku uleule zilipopandwa, hukata miche, kisha hurudi kwenye mahindi yanapokomaa na ghalani. Hasara ya mahindi inayosababishwa na panya nchini Tanzania imekadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya mavuno kwa mwaka, na mwaka wa mlipuko mkulima mmoja mmoja anaweza kulazimika kupanda upya shamba zima.

Panya aliyeuawa hutoa taarifa moja tu, yaani kwamba siku fulani alikuwapo mahali fulani. Panya aliyewekewa alama na kuachiwa, akinaswa tena mwezi unaofuata, hueleza kwamba ameishi mwezi mzima, ameongezeka gramu kadhaa, ameanza kuzaa au bado, na amehama mita ngapi kutoka pale alipoonekana kwanza. Kwa taarifa za namna hiyo, zilizokusanywa mwezi hadi mwezi kwa miaka mingi, watafiti wa Morogoro waliweza kuonyesha kwamba idadi ya panya shamba hufuata mvua. Kuzaliana huanza baada ya mvua za masika kuchanganya, watoto hukua wakati wa kiangazi, na idadi hufikia kilele kuelekea mwisho wa mwaka. Mvua za vuli zikiwa nyingi na zikianza mapema, panya waliozaliwa msimu uliotangulia huwahi kukomaa na kuzaa kabla ya wakati wao wa kawaida, na hapo ndipo mlipuko wa mwaka unaofuata hutabirika. Mkulima anayejua hayo miezi kadhaa kabla ana nafasi ya kufyeka vichaka vya mipakani na kupanga udhibiti pamoja na majirani, badala ya kununua sumu siku ambayo mbegu zimekwisha kufukuliwa.

Aidha, kuwaua panya wachache wa eneo dogo la utafiti kusingelinusuru shamba la jirani. Nafasi zinazoachwa wazi hujazwa na panya wageni kutoka vichakani katika muda wa wiki chache.

Anayetafitiwa ni panya yupi?

Ni panya shamba, ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis. Ana rangi ya kahawia au kijivu mgongoni, tumbo lililofifia, na mkia unaokaribiana kwa urefu na mwili. Jike ana chuchu nyingi kupita kawaida ya panya, zinazoweza kufika 24, na huzaa wastani wa watoto 11 hivi kwa mzao mmoja baada ya mimba ya takriban siku 23. Asichanganywe na panya mweusi wa darini, wala na panya buku, yule mkubwa anayefunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Huyo wa mwisho hata haingii katika mitego inayozungumzwa hapa.

Je, kibali kinahitajika?

Ndiyo. Nchini Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na utafiti wa wanyamapori huratibiwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI). Nchini Kenya leseni ya utafiti hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Mbali na karatasi hizo, mtafiti hupaswa kuwa na idhini ya kamati ya maadili inayosimamia matumizi ya wanyama, kisha hupita kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, na mwisho kwa mwenye shamba mwenyewe. Mtafiti anayeruka hatua ya mwisho huikuta mitego yake imetupwa mtoni.

Ni mtego wa namna gani?

Unaotumika zaidi ni mtego wa Sherman, kisanduku cha alumini kinachokunjika, chenye urefu wa takriban sentimita 23, upana wa sentimita 8 na kimo cha sentimita 9. Panya huingia kwa mlango wa mbele akifuata chambo kilichowekwa ndani kabisa, hukanyaga kibati cha sakafuni, na mlango hujifunga nyuma yake bila kumgusa. Kibati hicho ndicho cha kuangaliwa kila jioni. Kikikazwa mno, panya wadogo wenye gramu 10 au 15 watakula chambo na kutoka salama. Kikilegezwa mno, mlango utafyatuliwa na upepo au na panzi. Njia ya kujaribu ni kukigonga chini ya mtego kwa kidole: mtego uliotegwa vizuri hufunga kwa pigo dogo, lakini haufungi unapowekwa chini taratibu.

Mitego hupangwaje?

Hupangwa kwa mistari inayopishana kama madaftari ya hesabu, kila kituo kikiwa mita 10 kutoka kingine, na kila kituo kikiwa na kigingi chenye herufi ya mstari na namba. Uwanja mmoja wa Morogoro, ambao umefuatiliwa tangu mwaka 1994, una ukubwa wa hekta 3 na vituo 300. Mitego hutegwa humo usiku tatu mfululizo kila mwezi, yaani mitego 300 mara usiku 3, ambayo ni sawa na fursa 900 za kunasa.

Mtego hauwekwi juu ya kigingi kwa unyoofu wa kijeshi. Unasogezwa hatua moja au mbili mpaka kwenye njia ya panya iliyo karibu, chini ya nyasi au kando ya shina, na mlango wake huelekezwa kule panya anakotokea. Ardhi chini yake isawazishwe, kwani mtego unaoyumba humtisha panya kabla hajaingia.

Chambo gani hutumika?

Siagi ya karanga iliyokandwa na unga wa mahindi mpaka ishikane, kisha ikaviringwa donge la ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Dagaa waliosagwa huongezwa pale wanapotafutwa wanyama wanaokula wadudu. Chambo hubadilishwa kila siku, kwa sababu kikilala huota ukungu na huvuta sisimizi.

Mitego hutegwa na kukaguliwa saa ngapi?

Panya shamba hutembea usiku. Kwa hiyo mitego hufunguliwa kuanzia saa kumi na moja jioni, na ukaguzi huanza kunapopambazuka, saa kumi na mbili asubuhi, ili kazi yote ya mtegoni iwe imekwisha kabla ya jua kuwa kali. Kisanduku cha alumini kilichoachwa juani saa nne asubuhi ni jiko, na panya aliye ndani yake hawezi kupona. Mchana kutwa mitego hufungwa.

Joto si adui pekee. Katika milima yenye baridi kama Usambara, kila mtego huwekewa pamba kavu au nyasi ili panya ajitengenezee kiota, na chambo huongezwa kwa sababu mnyama mdogo hupoteza joto haraka. Mvua kubwa ikitabiriwa, ni heri usiku huo uachwe kuliko kukusanya panya waliolowa na kufa ganzi. Halafu kuna siafu. Mstari wa siafu ukipita katika uwanja wa mitego usiku, panya waliofungiwa hawana pa kukimbilia, na asubuhi hupatikana mifupa na manyoya tu. Kwa hiyo kabla ya kutega, uwanja hutembelewa wote, na vituo vilivyo karibu na siafu huachwa vimefungwa hata kama mpangilio utakuwa na mapengo. Pengo katika jedwali hurekebishika wakati wa uchambuzi.

Panya hutolewaje mtegoni bila kumng'ata mtu?

Mdomo wa mfuko wa kitambaa au wa plastiki ngumu hukazwa kuzunguka mlango wa mtego, mlango husukumwa kwa ndani, na mtego huinamishwa na kutikiswa kidogo mpaka panya ateremke. Mfuko hupimwa pamoja na panya kwa mizani ya springi, kisha uzito wa mfuko mtupu huondolewa. Ndipo panya hubanwa polepole kwenye kona ya mfuko, ngozi ya shingo yake ikashikwa kwa kidole gumba na cha shahada kupitia kitambaa, na mfuko ukakunjuliwa nyuma. Asishikwe kwa ncha ya mkia, maana ngozi ya mkia huweza kuchubuka na kutoka kama soksi.

Mtu mwenye uzoefu hummaliza panya mmoja kwa dakika mbili au tatu. Anayeanza asishindane naye; kubana kifua cha panya kwa woga wa kung'atwa ndilo kosa la kawaida la wanafunzi, na ndilo linaloua.

Ni mambo gani huandikwa?

Tarehe, kituo, spishi, namba ya alama, kama ni mpya au amenaswa tena, jinsia, uzito na hali ya uzazi. Jinsia hutambuliwa kwa umbali kati ya tundu la haja kubwa na kiungo cha uzazi, ambao ni mrefu kwa dume na mfupi kwa jike. Kwa dume huangaliwa kama korodani zimeshuka. Kwa jike, kama uke umefunguka, kama tumbo lina mimba, na kama chuchu zinanyonywa. Katika baadhi ya tafiti huchukuliwa pia tone la damu kwenye karatasi ya kuchujia, ambayo hukaushwa na kupelekwa maabara.

Makosa mengi hayatokei mikononi mwa anayemshika panya bali masikioni mwa anayeandika. Namba husomwa kwa sauti tarakimu moja moja, mwandishi huirudia, msomaji huithibitisha, na ndipo panya huachiwa. Panya mmoja aliyeandikwa kwa namba ya mwenzake huzalisha uongo wa aina mbili kwa mpigo: aliye hai huhesabiwa kuwa amekufa, na aliyekufa huhesabiwa kuwa amefufuka akiwa na jinsia nyingine. Fomu hujazwa kwa penseli, kwa kuwa wino hauhimili umande.

Alama gani huwekwa, na je, haimuumizi?

Ziko tatu zinazotumika zaidi, na hakuna isiyo na dosari.

Ya kwanza ni hereni ya chuma yenye namba, inayofanana na ya ng'ombe ila ni ndogo kiasi cha kushikwa kwa koleo maalumu. Ni nafuu na husomeka bila kifaa, lakini sikio la panya ni jembamba. Hereni huchanika na kudondoka, hasa wanapopigana, na mahali ilipotoboa huweza kuota kidonda. Kwa hiyo watafiti wengine huvalisha hereni mbili, moja kila sikio, ili wakimkuta panya mwenye moja wajue ni ngapi hupotea.

Ya pili ni chipu ya kielektroniki iliyofungwa ndani ya kioo, yenye urefu wa milimita 8 hadi 12, ambayo huchomwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega. Haina betri. Hutoa namba yake pale tu kifaa cha kusomea kinapopitishwa karibu nayo, hivyo hudumu muda wote wa uhai wa panya. Kasoro yake ni bei, na ukweli kwamba chipu isiposukumwa mbali na tundu la sindano huweza kutoka palepale ilipoingilia.

Ya tatu ni kukata ncha za vidole kwa mpangilio unaowakilisha namba. Ndiyo iliyotumika katika tafiti nyingi za muda mrefu, zikiwamo za Morogoro, kwa sababu alama haipotei, haigharimu kitu, na kipande kilichokatwa hutumika kwa uchunguzi wa vinasaba. Hata hivyo ni njia inayopingwa zaidi, na kamati nyingi za maadili hudai mtafiti aeleze kwa nini njia nyingine haifai. Pingamizi hilo lina uzito. Utafiti unaokusudia kufuatilia panya mia moja kwa miezi sita, na wenye fedha, hauna sababu ya kukata kidole chochote. Kwa utafiti wa siku tatu hata hereni haihitajiki. Kunyoa kiraka cha manyoya kwa mkasi kunatosha.

Ama kuhusu maumivu, yapo, kama yalivyo kwa sindano au kutobolewa sikio, na wajibu wa mtafiti ni kuyafupisha kwa vifaa vikali na safi na kwa mkono usiosita. Zaidi ya huruma, hesabu yenyewe inadai hivyo: njia yote ya kukadiria idadi husimama juu ya dhana kwamba panya mwenye alama anaishi na kunaswa sawasawa na asiye nayo. Alama inayomdhoofisha panya huharibu utafiti uliomwekea.

Idadi ya panya wote hujulikanaje ilhali wengine hawanaswi?

Chukua mfano wa kubuni. Awamu ya kwanza panya 60 wamewekewa alama na kuachiwa. Awamu ya pili wamenaswa 50, na kati yao 20 wana alama. Ikiwa wenye alama wamechanganyika vizuri na wenzao, basi sehemu ya wenye alama katika mitego, ambayo ni mbili kwa tano, inalingana na sehemu yao katika uwanja mzima. Panya 60 ni mbili kwa tano ya 150, kwa hiyo makadirio ni panya 150. Hesabu hii hujulikana kwa majina ya Lincoln na Petersen, na kuna marekebisho madogo ya Chapman kwa ajili ya sampuli chache, ambayo hapa yangetoa 147.

Masharti yake ni magumu kuliko hesabu yenyewe: asizaliwe wala kufa panya kati ya awamu hizo mbili, asihame wala kuhamia, na alama isipotee. Ndiyo maana hutegwa usiku tatu zinazofuatana, kipindi kifupi ambacho mabadiliko hayo ni madogo, kisha hurudiwa baada ya mwezi, kipindi kirefu ambacho vifo na wahamiaji hupimwa. Kwa mpango huu imeonekana Morogoro kwamba idadi huweza kuyumba kutoka panya wachache kwa hekta hadi mamia kadhaa. Katika miezi ya wingi kuna tatizo jingine: mitego hujaa mapema usiku, na panya waliochelewa hawana wa kuwahesabu.

Panya aliyenaswa mara moja si ataogopa mtego?

Wengine huogopa. Wengine hufanya kinyume, hugundua kwamba katika kisanduku kile kuna karanga na mahali pakavu pa kulala, na hunaswa kila usiku wa utafiti kwenye kituo kilekile. Panya shamba kwa ujumla hunaswa tena kwa urahisi, jambo ambalo ni bahati ya watafiti. Tabia zote mbili hupotosha makadirio na hurekebishwa kwa mifumo ya hesabu inayoruhusu uwezekano wa kunaswa kubadilika baada ya mara ya kwanza.

Je, kuna hatari ya magonjwa?

Ipo, na haipaswi kukuzwa wala kudharauliwa. Panya shamba ndiye mbebaji wa virusi vya homa hatari ya Lassa huko Afrika Magharibi. Morogoro spishi hiyohiyo hubeba virusi vya jamii hiyo, vilivyopewa jina la mji huo, ambavyo havijulikani kusababisha ugonjwa kwa binadamu. La kuangaliwa zaidi kwa mfanyakazi wa uwandani ni leptospira, bakteria wanaotoka katika mkojo wa panya na kuingia kupitia michubuko ya ngozi. Wilayani Lushoto, ambako tauni ilizuka mara nyingi kuanzia mwaka 1980, viroboto wa panya ni hatari kuliko meno yake, na panya aliyekufa huko asiguswe mpaka viroboto wake washughulikiwe.

Kwa hiyo glavu huvaliwa daima, mikono huoshwa kwa sabuni, hakuna kula wala kuvuta sigara wakati wa kazi, na mtego wenye kinyesi haupulizwi wala kufagiwa ukiwa mkavu. Mitego huoshwa kwa maji na brashi, hulowekwa kwa muda mfupi katika maji yenye klorini, husuuzwa vizuri kwa sababu klorini hula alumini, na huanikwa juani. Anayepata homa katika wiki zinazofuata amweleze daktari kwamba alishika panya. Asisubiri kuulizwa, kwa kuwa homa ya leptospira hufanana sana na malaria.

Itakuwaje akinaswa mnyama mwingine, au jike akizalia mtegoni?

Kirukanjia huachiwa wa kwanza kabla ya jambo lolote, maana mwili wake huchoma chakula upesi kiasi kwamba saa chache za njaa humuua. Panya milia na panya wadogo wa nyikani huandikwa na kuachiwa. Mtego mzito usio na mchakacho ufunguliwe kwa fimbo na kwa mbali, kwani nyoka humfuata panya hadi ndani. Jike aliyezaa usiku hapimwi; mtego huachwa wazi palepale chini ya kivuli pamoja na kiota chake, naye huhamisha watoto kwa wakati wake.

Mitego ikiibiwa?

Huibiwa. Alumini ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na watoto huvutiwa na sanduku linalojifunga. Kilichosaidia kuliko minyororo ni kuajiri vijana wa kijiji hichohicho katika kazi ya kutega, na kuwaonyesha watoto mtego unavyofanya kazi siku ya kwanza.

Nimekamata panya mwenye hereni au kovu la chipu. Nifanye nini?

Ukiwa umemkamata hai, mwachie palepale ulipompata baada ya kunakili namba ya hereni. Ukiwa umemuua, hujavunja sheria yoyote katika shamba lako mwenyewe, na taarifa yako bado ina thamani: andika namba, tarehe na mahali, na umpelekee mtendaji wa kijiji au kijana yeyote wa timu ya utafiti. Katika sehemu za kusini mwa Tanzania, na pia Malawi na Zambia, panya shamba ni kitoweo. Mwenye kumchuna apapase kwanza katikati ya mabega, kwa sababu chipu ni kioo, na aitoe kabla ya kumweka motoni.